Mke wa Dinosaria

Wiesia Trzaska hakumwacha mumewe kwa ulevi, wala kwa kipigo, wala kwa mwanamke mwingine. Alimwacha kwa sababu pazia la jikoni lilishika moto, na mume akampa habari hiyo kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imekwisha.

"Wiesia," alisema Zenobi, amesimama mlangoni, mikono mifukoni. "Pazia linawaka."

Wiesia alikuwa sebuleni akichambua vifungo. Alikuwa muuza vifungo, na muuza vifungo hata nyumbani hajui kukaa bure. Akadhani mume anafanya mazoezi ya kazi ya jioni.

"Vizuri, mume wangu," akajibu bila kugeuka. "Ila hiyo 'linawaka' uivute kidogo."

"Linawaaka," alisema Zenobi, akaivuta kidogo.

Kilichomwinua Wiesia ni harufu. Alipofika jikoni alinyakua sufuria nzima ya supu nyekundu ya bitiruti akaivurumisha dirishani. Moto ukazimika, lakini pazia halikuwapo tena, zilibaki pete zake tu zimejipanga kwenye fimbo kama meno ya babu. Pazia lile alilipangia foleni tangu alfajiri hadi adhuhuri, nyuma ya mwanamke aliyebeba bata bukini hai. Na dari ilikuwa nyekundu, inadondosha supu.

"Wewe mwanamume!" alifoka Wiesia. "Nyumba inaungua, unaniambia kama unanisomea gazeti la juzi?"

"Nilikuambia mara mbili," alisema Zenobi.

Kosa, kwa kweli, lilikuwa la kazi yake. Warszawa walikoishi, kama Poland nzima, filamu ya kigeni kwenye televisheni haiwekewi sauti za watu chungu nzima. Mtu mmoja, mwanamume, husomea wote: mume, mke, mwizi, polisi, mtoto na bibi yake. Wageni wenyewe unawasikia kwa chini, wanalia na kucheka kwa lugha yao, na huyo mtu mmoja anakueleza tu wanalilia nini. Msomaji hatakiwi kulia wala kuogopa, anayelia ni muigizaji. Sauti ya msomaji iwe kama kioo cha dirisha: ukikiona, ujue ni kichafu. Na miaka ile alisoma papo hapo, filamu ikiwa hewani, peke yake kwenye kijichumba chenye kioo na taa, na bilauri ya chai yenye sharubati ya forosadi.

Zenobi Trzaska alikuwa hodari wa kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Mwanzoni ile sauti aliiacha kazini, aliitundika pamoja na koti la kazi. Baadaye ikaanza kumfuata nyumbani kama paka. Hata posa aliitoa nayo. "Nakupenda. Tuoane," alimwambia Wiesia kwenye benchi la bustani, kisha akanyamaza kidogo kama anayesubiri muziki uingie. Wiesia alikuwa msichana, akasema huyu ni mwenye haya. Baba wa Wiesia alipofariki, Zenobi alipokea simu akageuka: "Baba amekufa. Mazishi Jumanne." Wiesia alimeza. Lakini pazia lilimkwama kooni.

Akafunga sanduku. Mezani aliacha karatasi: *Sirudi mpaka useme kitu kimoja kama binadamu.* Akapanda treni akaenda Radom, kwa mama yake.

Alifika jioni. Mama yake, Bibi Apolonia, mjane mfupi mpana mwenye vijiguu vyepesi, alimfungulia mlango bila kumtazama maana jicho alikuwa ameliacha kwenye televisheni. Na kutoka sebuleni Wiesia akasikia: "Usiniache. Sitaweza kuishi bila wewe. Treni inaondoka."

Ilikuwa sauti ya Zenobi.

"Mungu wangu!" alisema Wiesia. "Nimemkimbia huku, kumbe amenitangulia!"

"Vua viatu," alisema mama. "Yuko kila jioni huyo. Jana alikuwa jambazi na mjane wake. Mbona umekuja na sanduku?"

Wiesia akamweleza. Bibi Apolonia alisikiliza mpaka mwisho, huku mkono ukijipakulia mbegu za alizeti.

"Kwa hiyo umemwacha mume kwa ajili ya pazia."

"Si pazia, mama! Ni ile sauti! Mtu gani anaona moto hashtuki? Nimeolewa na tangazo la stesheni!"

"Marehemu baba yako alikuwa anashtuka kila siku," alisema mama. "Alishtuka hata nikipiga chafya. Ulifikiri nilipata raha?"

Zenobi alipiga simu siku ya tatu. Ngazi ile ya ghorofa ilikuwa na simu moja tu, ya Bwana Hilary Kłos wa ghorofa ya chini, mstaafu aliyekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miaka thelathini na aliyejiona yeye ndiye daktari. Bwana Hilary alipanda ngazi akihema.

"Bibi Wiesia, mumeo alipiga. Amesema: 'Wiesia. Rudi. Zenobi.'"

"Basi?"

"Basi. Kwanza nilidhani ni habari za hali ya hewa, nikasubiri aseme mvua itanyesha wapi."

"Alisemaje lakini? Kwa huzuni?"

Bwana Hilary alikuna kidevu. Alikuwa mtu mkweli. "Mwanangu, nimeshika ndama waliokufa tumboni wakawa na joto zaidi."

Wiesia akaketi kwenye ngazi akalia, halafu akaacha, akajipangusa. Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Duka moja la nyuzi na vifungo pale Radom lilikuwa linatafuta mtu, na meneja wake, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameshaona anavyojua kutofautisha kifungo cha mfupa na cha plastiki kwa kukiuma. Jumatatu asubuhi angetia sahihi. Akitia sahihi, angehamisha na anwani yake, na mtu akishahamisha anwani Poland, kurudi nyuma ni mihuri mitupu hadi kaburini. Kwa hiyo ndoa ya miaka kumi na tatu ilikuwa na muda mpaka Jumatatu, saa mbili asubuhi. Alimwambia Bwana Hilary akamwambie Zenobi hivyo kama atapiga tena.

Zenobi alipiga Ijumaa, Bwana Hilary akamwambia. "Amejibu," alileta habari. "Amesema, 'Asante. Kwaheri.'"

"Haya," alisema Wiesia. "Imekwisha."

Jumamosi usiku palikuwa na filamu ya kale ya dinosaria, ile ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo kila mwenye mvi aliwahi kuiona utotoni akalala na taa. Bibi Apolonia aliisubiri tangu Jumatano. Alioka keki ya jibini, akachemsha chai, akapanga mbegu za alizeti katika sahani tatu. Bwana Hilary alipanda na ndara za nyumbani na kiti chake mwenyewe, kwa kuwa televisheni yake ilikuwa imebaki na sauti tu, na yeye hakutaka kumsikiliza mnyama asiyemwona.

"Mimi nakwenda kulala," alisema Wiesia. "Miaka kumi na tatu nimemsikia bure."

"Keti," alisema mama. "Chumba chako kimepakana ukuta na jirani Pietruszka, na kwa Pietruszka wataifungulia sauti mpaka mwisho. Utamsikia tu, na huko hakuna keki."

Akaketi, akageuzia televisheni mgongo, akajitia kuchambua vifungo.

Filamu ikaanza. Mwanasayansi mzee, binti yake, na rubani mwenye kidevu cha kupasulia kuni walianguka na ndege katika bonde lililofichika nyuma ya maporomoko. Binti alipiga mayowe kwa lugha yake. "Baba, tazama, nyayo," alisoma Zenobi. Rubani akamkumbatia. "Usiogope. Nina kiberiti," alisoma Zenobi.

"Huyo mtu mwovu," alisema Bibi Apolonia. "Ana kiberiti, kwa nini amkumbatie?"

Ndipo dinosaria akatoka msituni. Alikuwa mrefu kama mnara wa kanisa, na alitembea kwa kushtukashtuka kama mtu aliyevaa viatu vipya vinavyombana.

"Kenge!" alisema Bibi Apolonia.

"Si kenge," alisema Bwana Hilary. "Kenge hasimami kwa miguu miwili. Na huyu goti lake la kushoto lina uvimbe. Ningemtia dawa ya farasi, wiki moja anapona."

"Ungemfikiaje goti?"

"Kwa ngazi, bibi."

Saa ikaenda hivyo. Rubani, mzee na binti wakajificha pangoni, wakaweka jiwe mlangoni, wakalala. Picha ikahamia nje. Dinosaria alikuwa peke yake juu ya genge, mwezi nyuma yake, anatazama bonde tupu. Hapo filamu ilikuwa na dakika mbili nzima zisizo na neno hata moja. Mnyama alikuwa anazungukazunguka na kunguruma tu. Sehemu kama hiyo msomaji hunywa chai yake.

Dinosaria akafunua kinywa.

"Wiesia," ilisema televisheni.

Kifungo kikamponyoka Wiesia kikabingirika chini ya kabati.

"Nimenunua pazia lingine," ilisema televisheni kwa sauti ya kusoma orodha. Dinosaria akanguruma mpaka majani yakatikisika.

"Anaongea!" alisema Bwana Hilary akashika mikono ya kiti. "Saa nzima alikuwa kimya, kumbe anajua kuongea!"

"Nyamaza wewe, tusikie!"

"Ni la manjano, lina maua. Muuzaji alisema ni zuri. Nimelitundika. Liko juu chini." Mnyama akang'oa mti mzima na mizizi yake akautupa bondeni.

"Pazia gani analosema?" alinong'ona Bibi Apolonia.

"La pango," alisema Bwana Hilary. "Ana jike lake, limemkimbia. Fahali ukimtenga na jike hulia hivihivi, nimeshuhudia mara mia."

"Na hilo jina Wiesia je?"

"Tafsiri hiyo! Kwao labda anaitwa Margareti. Wanatuwekea majina ya kwetu tusisumbuke."

"Supu bado iko darini," iliendelea televisheni. "Sijaifuta. Nikitazama juu nakukumbuka." Dinosaria akapiga mkia jabali likapasuka vipande viwili. "Siku ile niliogopa sana. Nilipiga kelele, lakini ndani. Sauti haikutoka. Imezoea kukaa huko."

Hapo mnyama akainua shingo mwezini akalia mlio mrefu, wa kukata tamaa, mpaka kwa Pietruszka mtoto akaamka. Bibi Apolonia alikuwa amejiziba mdomo kwa aproni, machozi yanamtiririka.

"Maskini mwenye mwili wake! Kubwa zima hivyo, na linampenda!"

Wiesia alikuwa amegeuka mzimamzima, magoti yamegusana na meza. Yeye ndiye mtu pekee chumbani, na labda nchini, aliyejua anachokiona. Miaka yote ile kazi ilikuwa ni hiyo hiyo: mwingine analia, Zenobi anasema analilia nini. Na leo, katika filamu zote za wiki ile, alikuwa amengojea yule anayelia kwa nguvu kuliko wote, akakaa chini yake, akasema la kwake.

"Nimechoka kula mayai," ilisema televisheni. "Rudi."

Dinosaria akafunga kinywa. Picha ikarudi pangoni, rubani ameamka. "Huyu hapa. Tieni bunduki risasi," alisoma Zenobi, sauti ile ile, hata koo hakusafisha.

"Wasimpige!" Bibi Apolonia alisimama, alizeti zikamwagika. "Bado mkewe hajajibu!"

"Mlengeni tumboni," alisoma Zenobi.

"Na wewe Zenobi ndiye unayewaamuru! Huna haya? Sasa hivi ulikuwa unamsemea!"

"Mama," alisema Wiesia, "mke ni mimi."

"Mke wa nani?"

"Wa kenge! Hilo pazia ni langu! Ile supu ni yangu!"

Bibi Apolonia alimtazama binti yake, akatazama televisheni ambako dinosaria alikuwa anaanguka kutoka gengeni polepole, akamtazama tena binti yake. Akili ilipofika, ilifika na mkono: alimpiga kofi la bega.

"Sasa umeketi unafanya nini? Amekwisha kufa yule! Mjibu!"

Wakashuka ngazi watatu, wote na ndara, Bwana Hilary mbele na funguo. Wiesia akapiga simu kituo cha televisheni. Ikaita, ikaita, mpaka mwanamke mmoja mwenye sauti ya kukauka akapokea.

"Kama ni habari ya mke wa dinosaria, sina jibu. Hatujui kama amerudi. Filamu imekwisha."

"Dada, mke wa dinosaria ni mimi."

"Ndiyo, mama. Wewe ni wa nne usiku huu."

"Wa nne! Nani hao wengine?"

"Mmoja wa Lublin, analia. Mmoja wa Szczecin, anasema anarudi lakini pazia la manjano hapana. Wa tatu ni mwanamume."

"Sikiliza, dada, mimi naitwa Wiesia kweli! Mume wangu ni huyo msomaji!"

"Na wa Lublin naye anaitwa Wiesia. Mama yangu, nenda kalale. Msomaji hayupo, amepelekwa kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amekuja na pajama chini ya koti." Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" aliuliza mama.

"Amesema nipange foleni," alisema Wiesia. Akacheka, akakaa chini kwenye zulia la Bwana Hilary akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akauliza treni ya kwanza ni ya saa ngapi.

Jumapili saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwake Warszawa, sanduku chini, keki ya mama kwapani. Zenobi alifungua. Alikuwa na fulana, hajanyoa, macho mekundu.

"Umerudi," alisema.

"Bado. Si unaniona niko nje? Niliandika nini kwenye karatasi? Niliandika useme kama binadamu. Wewe umesema kama kenge."

"Nilikuwa na dakika mbili tu," alisema Zenobi. "Binadamu wote kwenye ile filamu walikuwa na maneno yao."

Wiesia aliuma mdomo ili asicheke. Hakutaka kumpunguzia bei mapema.

"Na wakubwa wako?"

"Wameniondoa kwenye filamu miezi mitatu. Nitasoma kipindi cha kilimo cha viazisukari. Mkurugenzi alinifokea sana. Kisha akaniuliza kama mke amerudi."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba filamu haisemi."

Wiesia akatua keki juu ya sanduku, akajifunga mikono kifuani.

"Zenobi. Ile sauti jana ilikuwa ya nani? Ya kulia?"

"Ya mnyama. Niliiazima."

"Haya. Hapa ngazini hakuna mnyama wa kukuazima. Toa ya kwako, niingie. Hutaki, treni ya Radom inaondoka saa tano, na kesho saa mbili natia sahihi."

Zenobi alitazama ngazi juu, akatazama chini. "Hapa? Jumapili? Watu wamelala."

"Hapa."

Akavuta pumzi, akatoa kitu.

"Hilo ni sinki limeziba," alisema Wiesia. "Nyingine."

Ya pili ilikuwa kama mlango wa kabati. Wiesia akainama akashika mpini wa sanduku. Hakufanya utani sasa, aliuinua kweli, na akageuka.

Na hapo ikatoka. Haikuwa na neno, haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, ilianzia huko chini ilikozoea kukaa na ilipanda na kila kilichokuwa njiani: baba mkwe na mazishi yake ya Jumanne, benchi la bustani, supu, kila kitu. Vioo vya ngazi vikatetema. Mbwa wa ghorofa ya tatu akaanza kubweka, wa ghorofa ya kwanza akamjibu. Mlango wa mkabala ukafunguka, kikongwe Bibi Szczepańska akatoa kichwa chenye vibiringio vya nywele.

"Yesu na Maria! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi!" alipaza Zenobi, na sauti yake ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. "Mke wangu amerudi! Amerudi huyu hapa, mwone!"

"Namwona," alisema Bibi Szczepańska. "Mwingize basi, watu tulale."

Wiesia akampa mumewe keki aishike, akabeba sanduku lake mwenyewe, akaingia. Zenobi alibaki mlangoni kidogo, anajigusa koo kwa vidole viwili kama mtu aliyeng'olewa jino, akanguruma tena kidogo, kwa kujaribu tu. Kule chini jirani aliyetaka kulala akagonga bomba la maji mara tatu.